Kriatini: namna ya kuitumia, nani asiiguse, na kopo gani usilinunue

Jimu yoyote ya mtaani, hata zile za vyuma vya kuchomelea na benchi la mbao, haipiti wiki bila mtu kuulizia kriatini, ile poda ya kuongeza nguvu za mazoezi, na majibu ni yale yale, mara inaua figo, mara ni steroidi, mara inamaliza nguvu za kiume, mara ukiiacha mwili wote unasinyaa, halafu anatokea baunsa mmoja pale pembeni anakwambia yeye anapiga vijiko vinne kila siku na yuko fresh kabisa. Wote hao hawajakusaidia. Ntaandika hapa namna ya kuitumia toka unanunua mpaka unakunywa mpaka siku unaenda kupima damu, na msimamo wangu nauweka mapema kabisa: kwa mtu mzima mwenye figo nzima, hiki ni moja ya vitu salama na vya bei nafuu kwenye lile shelfu lote la saplimenti, na mara nyingi kinachowaumiza watu sio kriatini, ni kopo feki, dozi za kukomoana, na figo ambazo hazijawahi kupimwa toka mwenyewe azaliwe.

Kwanza ujue unachokunywa

Kriatini sio homoni na sio steroidi. Mwili wako unaitengeneza wenyewe kila siku, kama gramu moja hivi, figo na ini ndo zinafanya hiyo kazi kwa kutumia amino asidi tatu, na nyingine unaipata kwenye nyama na samaki. Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, aliitoa kwenye nyama mwaka 1832, kwa hiyo wanaosema ni kitu kimezuliwa juzi na makampuni ya poda wamechelewa karibu miaka mia mbili. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe mbichi ina kama gramu 4 au 5, na ukiipika sana inapungua, maana yake ukitaka gramu 5 kila siku kwa njia ya nyama choma utakula kilo nzima na zaidi kila siku ya Mungu, mfuko hauwezi na huo mshipa wa moyo nao una maoni yake. Mtu wa kilo 70 ana kama gramu 120 za kriatini mwilini, na karibu yote, asilimia 95 hivi, imekaa kwenye misuli.

Sasa inafanya nini huko. Misuli ikikaza inachoma kitu kinaitwa ATP, ndo mafuta yake ya haraka, na akiba yake ni ndogo sana, ukikimbia kwa nguvu zote ni sekunde chache tu imekata. Hapo ndo kriatini iliyobeba fosfati inaingia, inaitoa fosfati yake papo hapo ATP inajengwa upya, kama konda wa daladala ambaye chenji ameshaipanga vidoleni, hana haja ya kwenda kuomba kwa dereva. Ukiwa na kriatini nyingi kwenye misuli unapata hiyo huduma kwa muda mrefu kidogo, basi. Ile seti ya skwoti uliyokuwa unaishia mara nane unafika tisa, kumi, unapumzika, unarudia, na hizo marudio za ziada ukizikusanya miezi mitatu minne ndo unaona tofauti kwenye mwili. Yaani kriatini haijengi misuli ukiwa umelala kwenye kochi unaangalia mechi. Inakupa nafasi ya kufanya kazi zaidi, kazi ni ya kwako.

Kwa hiyo wanaofaidi zaidi ni watu wa vyuma, wa mbio fupi, raga, ngumi, mpira wa kikapu, na mpira wa miguu kwa zile spidi za kukata na kurudi. Mtu wa marathoni sioni anaitafutia nini, tena inamuongezea uzito wa maji ambao atabeba kilomita 42 bure, kwa hiyo kijana unayejifua Iten au Arusha kwa ajili ya mbio ndefu, hela hiyo nunua maharage na mayai. Ulaya, ambako mamlaka yao ya usalama wa chakula inakataa madai ya saplimenti kibao, kwa kriatini wameruhusu iandikwe kwenye kopo kwamba gramu 3 kwa siku inaongeza uwezo kwenye mazoezi mafupi makali yanayorudiwa rudiwa. Ni maneno makavu hivyo ila ndo ukweli wenyewe, sio "misuli ndani ya siku saba".

Na wapo ambao hawaoni kitu. Kama misuli yako tayari imejaa kriatini, labda kwa sababu unakula nyama na samaki sana au ndo umeumbwa hivyo, ukiongeza hakuna pa kuiweka inatoka tu na mkojo. Kinyume chake mtu asiyekula nyama kabisa, au anakula ile ya sikukuu kwa sikukuu, huyo ndo mara nyingi anashtuka.

Kabla hujanunua, pima

Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo pa kukaa. Nenda maabara au zahanati yoyote inayoeleweka, pima presha, pima sukari, pima mkojo kuangalia kama kuna protini, na pima kriatinini kwenye damu (sio kriatini yenyewe, ni uchafu unaobaki kriatini ikivunjika), wengi wanaita tu kipimo cha figo. Vyote hivyo ni vipimo vya kawaida na jumla yake mara nyingi haizidi bei ya kopo lenyewe. Sababu ni kwamba figo ni kiungo kinachokufa kimya kimya, mtu ana presha miaka sita hajui, anatembea, anacheza mpira, anapiga vyuma, siku anagundua figo zimebaki robo lawama zote zinaenda kwenye poda aliyoanza kunywa mwezi uliopita.

Usiiguse mpaka uongee na daktari kama una ugonjwa wa figo wa aina yoyote, kama una figo moja, kama una sukari au presha ya muda mrefu, kama una selimundu, maana selimundu yenyewe inazichosha figo na kukaukiwa maji ni hatari kwao. Mwaka 1998 madaktari wa Uingereza waliandika habari ya kijana wa miaka 25 ambaye figo zake zilishuka uwezo alipokuwa anatumia kriatini na zikarudi alipoacha, na hiyo habari ndo ilizaa nusu ya uvumi unaousikia mpaka leo, ila wanachosahau kukwambia ni kwamba huyo kijana alikuwa na ugonjwa wa figo toka zamani na alikuwa kwenye dawa ambayo nayo inabana figo. Kwa hiyo kesi hiyo haisemi kriatini inaua figo nzima, inasema mgonjwa wa figo asijichezee, na mimi nakubaliana nayo.

Dawa nazo uziangalie. Kuna watu wanameza diklofenaki kama karanga kwa sababu ya mgongo na magoti ya jimu, hizo dawa za maumivu ukizitumia mfululizo zinazipiga figo zenyewe, usiongeze kingine juu yake mpaka umepunguza huo mchezo. Na kwa ndugu zetu walio kwenye ARV, hili halizungumzwi kabisa huko jimu kwa hiyo nalisema hapa: ile dozi ya kidonge kimoja inayotumika sana Tanzania na Kenya, TLD, ndani yake kuna tenofovir ambayo kliniki wanaifuatilia kwa sababu ya figo, na kuna dolutegravir ambayo inapandisha kidogo kile kipimo cha kriatinini bila kuharibu chochote. Sasa ukiongeza na kriatini, namba inaweza ikapanda zaidi, daktari hajui unakunywa poda, anaweza kukubadilishia dawa iliyokuwa inakufaa vizuri tu. Mwambie. Sio lazima akukatalie, ila ajue.

Mjamzito na anayenyonyesha, subirini. Watoto wa chini ya miaka 18 na wenyewe wasubiri, kijana wa fomu two anayekula wali maharage mara mbili kwa siku na kulala saa sita usiku, shida yake haiko kwenye kriatini. Na mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, ule wa kuchangamka kupita kiasi halafu kuzama, asianze bila daktari wake.

Kopo lipi

Neno unalolitafuta kwenye kopo ni monohidreti, litakuwa limeandikwa creatine monohydrate, na ukigeuza nyuma kwenye viambato unatakiwa ukute hicho kimoja tu. Ndo maana napenda ile isiyo na ladha wala rangi, hakuna pa kuficha kitu. Hii ndo imefanyiwa utafiti miaka zaidi ya 30, toka enzi za watafiti akina Roger Harris pale mwanzoni mwa miaka ya 90, hizi nyingine zote zimekuja kwa ajili ya kukuuzia kitu kile kile kwa bei ya juu. Ile ya hidrokloridi inayeyuka vizuri kwenye maji, sawa, lakini hakuna aliyeonyesha kwamba misuli inajali. Ile inayoitwa ethyl ester ndo mbaya zaidi, sehemu kubwa inavunjika na kuwa kriatinini, yaani uchafu, kabla haijafika popote. Ya alkali ilishindanishwa na monohidreti mwaka 2012 haikuonyesha ubora wowote. Ukiona kopo limeandikwa "mchanganyiko maalum" bila kusema kila kitu kina gramu ngapi, rudisha shelfuni. Pipi laini za kriatini nazo sizishauri, kuna zilizopimwa maabara huko nje zikakutwa na kriatini kidogo sana kuliko iliyoandikwa, na hata zile nzuri utatafuna nyingi kupata gramu 5 huku unakula sukari.

Kuna ya Ujerumani inaitwa Creapure, inatengenezwa na kampuni ya Alzchem pale Trostberg, Bavaria, na makampuni mengi yanainunua na kuipaki kwenye makopo yao wakaandika hilo jina kwa pembeni. Inasifika kwa usafi ila inazidi bei, sio lazima. Waislamu huwa wanauliza sana kama imetokana na mnyama gani, na jibu ni kwamba kriatini ya dukani inatengenezwa kiwandani kwa kemikali, haikamuliwi kwenye nyama. Cha kuangalia ni vidonge vya kapsuli, lile ganda mara nyingi ni jelatini, na hapo ndo muulize jelatini ya nini, au nunua poda uachane na maswali.

Unaponunua fanya hivi. Shika kopo, angalia tarehe ya kuisha, angalia namba ya toleo imepigwa chapa na sio stika iliyobandikwa juu ya stika, fungua kifuniko kama muuzaji anaruhusu uone lile karatasi la ndani limebana pande zote. Poda yenyewe inatakiwa iwe nyeupe, kavu, haina harufu. Ukiweka kidogo ulimini ni chungu kidogo sana au haina ladha, ukikuta tamu kama glukosi basi ni glukosi. Na zile za kupima kwenye mifuko ya nailoni, mwalimu wa jimu anatoa chini ya kaunta anakwambia "kaka hii ni ile ile ya Marekani nimekupunguzia tu", hapana, hata kama ni rafiki yako, hujui ndani kuna unga wa nini. Usichanganye kriatini na vile vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwa siri, vya deksamethasoni na ile dawa ya mzio ya kuongeza hamu ya kula, zile ni dawa za hospitali na zinaharibu mwili kweli kweli, uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inalika. Anayekuuzia kriatini na hivyo vidonge kwenye mfuko mmoja, mkimbie.

Hesabu bei kwa gramu, usihesabu kwa ukubwa wa kopo. Kopo la gramu 300 ukinywa gramu 5 kwa siku linakaa miezi miwili, ukinywa 3 linakaa siku 100.

Unakunywaje

Gramu 3 hadi 5, mara moja kwa siku, kila siku, siku ya tizi na siku ya kupumzika. Hiyo ndo dozi yote. Ukiwa na mwili mkubwa, kilo 90 kwenda juu, kaa kwenye 5. Kama kopo lina skupu yake soma imeandikwa gramu ngapi, na kama haina, kijiko cha chai kilichosawazishwa juu kwa kisu kinakuwa kati ya gramu 3 na 5, sio kile cha mlima ambacho watu wanachota.

Kuna kitu wanaita lodingi, gramu 20 kwa siku zikigawanywa mara nne kwa siku 5 mpaka 7, halafu unashuka kwenye 3 hadi 5. Inafanya kazi, misuli inajaa ndani ya wiki. Lakini utafiti wa mwaka 1996 ulionyesha ukinywa gramu 3 tu kwa siku, ndani ya siku 28 unafika pale pale. So swali ni una haraka ya nini. Lodingi ndo inayoleta kuharisha, tumbo kujaa gesi, na kilo mbili za ghafla zinazomtisha mtu akaacha, na wanaokunywa gramu 10 kwa mkupuo mmoja wanakimbia chooni kuliko wanaokunywa 5. Kama una mashindano wiki ijayo sawa, fanya, ila gawa, na kunywa pamoja na chakula. Wengine wote nendeni taratibu.

Saa ya kunywa haina shida. Kabla ya tizi, baada ya tizi, asubuhi na chai, chochote, kikubwa usisahau, kwa hiyo ifunge kwenye kitu unachokifanya kila siku. Mimi naiona inakaa vizuri zaidi kwenye uji. Kwenye maji ya baridi utakoroga mpaka mkono uchoke na bado chembe zinazama, ukimaliza kunywa unakuta mchanga mweupe chini ya glasi, na huo mchanga ndo kriatini yenyewe, watu wanaumwaga kwenye sinki halafu wanalalamika haifanyi kazi. Ongeza maji kidogo, zungusha, malizia. Kwenye uji wa vuguvugu au chai inayeyuka haraka, joto la kikombe haliiharibu kwa dakika hizo unazokunywa, ila usiichemshe jikoni pamoja na uji na usiikoroge leo ukaiweka kwenye chupa ukanywe keshokutwa, ikikaa kwenye maji inavunjika pole pole. Kahawa na chai ya kawaida endelea, sidhani ni sababu ya kuacha chai yako.

Hakuna haja ya kunywa miezi miwili ukaacha mmoja, huo utaratibu umetoka kwa watu wa steroidi ukahamia huku bila sababu. Ukisahau siku moja usirudishie mara mbili, endelea tu.

Mwezi wa Ramadhani watu wananiuliza kila mwaka. Kunywa baada ya futari au na daku, yoyote, kwa sababu kriatini inakaa kwenye misuli, haihitaji kuwepo tumboni saa unayonyanyua. Kikubwa ni maji, toka futari mpaka daku hakikisha umekunywa ya kutosha, na usianze lodingi ndani ya mwezi huo, tumbo litakuaibisha kwenye tarawehe.

Wiki za mwanzo utaona nini

Uzito unapanda kilo moja, wengine mbili. Hayo ni maji yanayoingia ndani ya misuli pamoja na kriatini, sio mafuta, na hakuna kitambi hapo. Kina dada wengi wanaachia hapa hapa, mizani imepanda basi wameacha, naomba msiache kwa sababu hiyo, pimeni kiuno kwa futi mtaona hakijaenda popote. Nguvu haiji siku ya kwanza. Kama hukufanya lodingi subiri wiki tatu nne ndo utaanza kuona seti za mwisho hazikuui kama zamani. Usitegemee kuhisi "mdundo" wowote, kriatini haikushtui kama zile poda za kafeini, ukinywa ukasikia moyo unaenda mbio na mikono inatetemeka, basi kwenye kopo lako kuna kitu kingine.

Maji kunywa kama binadamu wa kawaida anayetoka jasho, hasa ukiwa Dar au Mombasa mwezi wa pili, huhitaji lita sita. Ule uvumi kwamba inaleta kukakamaa misuli na kukausha mwili kwenye joto, tafiti za wanamichezo hazijauthibitisha. Ulipata nguvu mwaka 1997 pale Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache na kriatini ikatajwa haraka haraka, baadaye ikaonekana walikuwa wanajikausha wapunguze kilo, mazoezi ndani ya manguo mazito kwenye joto bila maji. Mabondia wetu wanaofanya hivyo hivyo siku ya kupima uzito, hapo ndo mtazame.

Sasa ile siku ya maabara. Kriatini mwilini inavunjika kidogo kidogo, asilimia moja mbili hivi kila siku, inakuwa kriatinini, na figo zinaitoa. Hospitali wanapima hiyo kriatinini kwenye damu kujua figo zinafanyaje kazi, wanadhani kila mtu anaizalisha kiasi cha kawaida. Wewe una misuli mikubwa na unakunywa kriatini, unazalisha zaidi, namba inapanda kidogo hata kama figo ziko poa kabisa. Jamaa mmoja wa jimu alienda kupima kwa ajili ya kazi, karatasi imerudi namba imevuka mstari, daktari kainua macho kamuuliza "unatumia dawa za kienyeji?" akasema hapana dokta, "pombe?" hapana, "diklofenaki?" mara moja moja, ikabaki kimya, na akatoka pale bila kusema neno kriatini kwa sababu alidhani ni chakula sio dawa. Alikaa wiki mbili hajalala anawaza dayalisisi. Wewe sema mwanzoni kabisa: dokta, nanyanyua vyuma na natumia kriatini gramu 5 kwa siku. Ataangalia mkojo kama una protini, anaweza kukuambia uiache kwa wiki kadhaa mrudie kipimo, au kama hospitali ni kubwa wanapima sistatini C, kipimo kingine cha figo ambacho hakiyumbishwi na kriatini. Na kama ulipima kabla ya kuanza, si una ile karatasi ya kwanza ya kulinganisha. Mkojo ukiwa na povu lisiloisha, miguu ikivimba, mkojo ukapungua, acha poda uende hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri ushauri wa mtu wa jimu wala wangu.

Nywele, mambo ya kiume, na mengine

Nywele, hii ilitoka Afrika Kusini, mwaka 2009, wachezaji raga 20 wa chuo, walipofanya lodingi homoni moja inayohusishwa na upara, DHT, ilipanda, ila ilibaki ndani ya kiwango cha kawaida na hakuna aliyewahesabu nywele. Mwaka 2025 ukatoka utafiti wa wiki 12 uliokagua nywele zenyewe kichwani, hawakuona tofauti kati ya waliokunywa kriatini na wasiokunywa. Kama baba yako na babu yako wana upara, ndugu yangu, msingizie babu. Nguvu za kiume hakuna kitu, haishushi testosteroni. Kuhusu ukiacha unasinyaa: yale maji yanatoka, ndani ya wiki nne mpaka sita akiba inarudi ilivyokuwa, misuli uliyoijenga inabaki kama unaendelea na tizi.

Wanaodai inatibu kila kitu nao wapunguze. Kwenye ugonjwa wa Parkinson wagonjwa 1,741 wa Marekani na Kanada waliwekwa kwenye utafiti wa gramu 10 kwa siku au poda bandia, ukasimamishwa 2013 kwa sababu haikusaidia chochote. Mimi naupenda utafiti huo kwa jambo lingine, wazee wengi vile, dozi mara mbili ya yetu, miaka mingi, na tatizo kubwa la usalama halikuonekana. Kuongeza akili darasani bado ni maneno, hizo hela mwanafunzi anunue chandarua alale vizuri.

Ila wazee ndo naona wanasahaulika. Kuanzia miaka ya hamsini misuli inapungua, mama anaanza kushika ukuta akitaka kuinuka kwenye mkeka, na kriatini pamoja na mazoezi ya nguvu inaongeza misuli na nguvu kuliko mazoezi peke yake, hilo limeonekana mara nyingi. Bila mazoezi ni karibu na bure. Mifupa isikudanganye, utafiti wa miaka miwili kwa wanawake waliokoma hedhi haukuonyesha mifupa yao kuwa mizito zaidi. Kwa hiyo bi mkubwa wako kama presha iko vizuri na figo zimepimwa, kijiko kimoja kwenye uji wa asubuhi, halafu akae kwenye kiti cha plastiki kigumu, ainuke bila kushika, akae tena, mara kumi, apumzike, arudie, mara tatu kwa wiki, na wiki zikienda mpe ndoo yenye maji nusu ashike.

Kama unashindana na unaweza kupimwa dawa za kusisimua misuli, kriatini haipo kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, haijawahi kupigwa marufuku. Hatari ni kopo lililochafuliwa na kitu kingine kiwandani, na sheria yao haijali hukujua, kilichokutwa kwenye mkojo wako ni chako, vijana wa Kenya wanaofuatiliwa na ADAK, wakala wa nchi yao wa kazi hiyo hiyo, wanalijua hili vizuri. Nunua iliyo na alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, hizo ni alama za kwamba poda imepimwa kama ina dawa zilizopigwa marufuku, kisha ingia kwenye tovuti zao uhakikishe namba ya toleo ya kopo lako ipo, sio jina la kampuni tu. Piga picha lebo, namba ya toleo na risiti, na poda ya mwishoni mwa kopo usiimalize, acha vijiko viwili vitatu ufunge uweke kabatini mpaka msimu upite, likitokea la kutokea wana kitu cha kupima.